Zile za Boksi la Kijani

4 Machi

Amefungua duka. Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wangu, kana kwamba mji mzima umekosa mlango mwingine. Kibao chake kina taa ndani yake: Pawasaplai na Vipuri vya Kompyuta. Chiriku, binti yetu, alijua siku nyingi na hakuniambia. Huyu ambaye tulimpa jina la ndege kwa sababu mdomo wake haufungi! Nilipomuuliza akasema, "Nilidhani Baba atakwambia mwenyewe." Mimi na baba yake hatujasemezana tangu talaka. Angeniambia kwa ndoto?

Tulipokuwa mume na mke duka lilikuwa moja. Yeye aliuza, mimi nilipima. Kila aina mpya ya pawasaplai, kile kiboksi kinachoilisha kompyuta umeme, niliifungua, nikaibebesha mzigo wote wa umeme ulioandikwa ubavuni mwake, nikaiacha ichemke, ndipo nikasema iuzwe au irudi ilikotoka. Yeye alichoka. "Mama Chiriku, mteja hanunui vilivyo ndani, ananunua boksi." Nikamwita mchuuzi mbele ya wageni. Akaniita jiwe. Mengine yalifuata, na mwanamke mwingine naye akafuata, lakini mimi naanzia kuhesabu hapo.

5 Machi

Mvua. Umeme umekatika asubuhi na mchana. Walioingia dukani wengi walikuja kujikinga tu.

9 Machi

Nimemtuma Chiriku.

"Nenda kwa baba yako ukanunue pawasaplai moja, ile inayotoka sana."

"Nimwambie ya nani?"

"Ya mteja."

"Mama, atajua."

"Na ajue."

Amerudi nayo ndani ya boksi jeusi, na salamu juu yake. Salamu sikuzipokea. Boksi nililipokea kwa mikono miwili, maana nilikuwa na hamu nalo kama mgonjwa na dawa. Kwanza huwa napima kwa mkono: pawasaplai ikiwa nyepesi, kuna kitu hakimo. Hii ilikuwa nzito. Nyaya nene. Nikaifungua, nikachungulia kama mama mkwe anavyochungulia sufuria ya mke wa mwanawe. Kapasita, vile vikopo vya kutunzia umeme, nzuri, kubwa. Fyuzi ipo. Bati la kupoza joto limekaa mahali pake. Nikaibebesha mzigo wote. Volti kumi na mbili zikabaki kumi na mbili. Nikaipiga shoti makusudi. Ikajizima yenyewe kama inavyotakiwa, na nilipoondoa shoti ikawaka tena, kama mtu aliyepiga chafya akaendelea na maneno yake.

Nimekasirika mpaka kichwa kinauma.

10 Machi

Nimeirudia, leo nikaifunika blanketi ikose hewa. Imepita. Chiriku akasema, "Mama, ungemfanyia mtu hivyo ungefungwa."

12 Machi

Mwenye chumba cha michezo ya kompyuta alikuja kuuliza. "Hizi za ng'ambo vipi? Wanasema bei yake nafuu."

"Nimezipima," nikasema. Kisha nikanyamaza, nikatikisa kichwa kidogo, hivi.

Uongo sikusema. Kichwa ndicho kilichosema. Akachukua za kwangu, za boksi la kijani.

17 Machi

Imerudi moja ya kijani, imekufa. Nimembadilishia mwenyewe. Nimelaumu umeme wa mvua hii, unaokatika kimya na kurudi kwa ngumi.

20 Machi

Wakala kaja na mzigo mpya wa kijani. Mwavuli mkononi, viatu havina tope. Sijui huwa anapita wapi. "Dada, hujambo? Dada, umepungua. Dada, kula." Chiriku humwigiza akishaondoka, lakini mimi simcheki. Nilipotoka kwenye talaka na meza ya kupimia tu, kila muuza jumla alitaka kwanza kumwona mwanaume wangu. Huyu peke yake aliniletea mzigo mlangoni akasema, "Wewe uza, mimi nakujua." Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mzigo ule wa kwanza niliupima wote, pawasaplai moja baada ya nyingine, na zilikuwa safi. Tangu hapo naona aibu kufungua boksi lake. Ni kama kuhesabu vijiko mgeni akiondoka.

Aliniuliza kama bado nakaa peke yangu. Nikasema nakaa na binti yangu. Akacheka, nami nikacheka. Nayaandika haya nisije nikasema baadaye sikucheka.

21 Machi

Mvua.

26 Machi

Leo Mzee Chapa. Ana kiwanda kidogo cha uchapaji, mlango unaofuata wangu, ukuta mmoja, na wakati wa talaka yeye ndiye hakuchukua upande wala hakuacha kunisalimu. Macho yake hayaoni maandishi madogo. Mkewe alikuwa akimsomea kila kazi kabla haijachapwa, na alipoanza kuugua akawa anajirekodi kwenye kompyuta, ili mzee asikilize hata siku ambazo yeye hawezi kuamka. Alifariki mwaka jana. Sauti zake zipo mle kwenye kompyuta, na mzee huzifungulia akifanya kazi: tangazo la mnada, ratiba ya mazishi, kadi za harusi za watu ambao sasa wana watoto shuleni.

"Nyingine zimeshavunjika hizo ndoa," aliniambia akicheka, "lakini yeye bado anazisoma vizuri."

Kompyuta imeanza kujizimazima. Baba Chiriku amemwambia aende kwake atampunguzia.

"Lakini mpimaji ni wewe, mwanangu. Za kwake zikoje?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ng'ambo nilimwona yule mwanamke wake akipangusa kioo, taratibu, kama mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na chochote.

"Mzee," nikasema, "ningekuwa wewe, nisingeweka kitu cha thamani juu ya zile."

"Basi lete yako."

Niliifunga mwenyewe, kwa bisibisi yangu mwenyewe. Kompyuta ikawaka, akafungulia sauti ya mkewe ili kuijaribu. Mwanamke akasoma: "Familia inayo furaha kubwa kukualika wewe na mwenzi wako." Mzee akaitikia kwa kichwa akisikiliza, akasema, "Mkono wako hauna mfano."

30 Machi

Imerudi nyingine ya kijani. Umeme wa mvua.

2 Aprili

Zimerudi kwa pamoja kutoka chumba cha michezo. Mwenyewe hakusema mengi. Alizipanga kaunta kama samaki waliooza, akanitazama. Nikasema, "Umeme wa mvua hii." Akasema, "Mvua inanyesha na ng'ambo, mbona?"

6 Aprili

Chiriku alikuwa kimya tangu asubuhi, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Mwisho akasema, "Mama, ulisema za Baba ni mbovu?"

"Sikusema."

"Mtaa mzima unasema umesema."

"Mtaa una masikio yake, mimi nina mdomo wangu."

"Nilikuwepo ulipozipima. Niliona." Akaweka chini kitambaa alichokuwa anafutia vumbi. "Ulitaka ziwe mbovu?"

"Ndiyo."

Nadhani alitegemea nikatae. Alisimama tu, akanitazama kama anayemtazama mtu kwenye picha na kuona kwamba kumbe si yule aliyemdhania. Kisha akaendelea kufuta vumbi mahali palipokwisha kuwa safi.

8 Aprili

Mvua. Sijauza kitu.

11 Aprili

Umeme ulikatika saa za asubuhi, watu wakakaa vibarazani wakisubiri. Uliporudi ulirudi kwa nguvu. Taa ya dukani kwangu iliwaka nyeupe kuliko kawaida. Hapo nikasikia mlio. Si mkubwa, kama mtu amekanyaga chupa ya plastiki. Kisha harufu. Fundi yeyote anaijua harufu ile: ni ya samaki na mpira na fedheha. Nikakimbia kwenye mvua bila viatu.

Mzee Chapa alikuwa amekwisha chomoa waya ukutani, bado ameushika mkononi. Moshi ulikuwa unatoka nyuma ya kompyuta, mwembamba, bila haraka.

"Imepiga tu," akasema. "Nilikuwa namsikiliza, ikapiga."

Nikafungua palepale sakafuni. Ubao mkuu umeungua. Diski, mlimotunzwa sauti zile, nilipoigeuza, kibao chake cha umeme cha chini kilikuwa na tundu jeusi la kuingia punje ya mchele. Pawasaplai nzuri ikifa, hufa peke yake. Ndiyo kazi ya ulinzi uliomo ndani. Mbovu hufa na wenzake. Hayo mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha watu, kwa kidole juu, kama mhubiri.

"Diski je?" mzee akauliza.

"Nitajaribu."

"Una nakala yake popote?" Akaniuliza mimi! Kama vile sauti ya mkewe ningekuwa nayo mimi kabatini. Kisha akajijibu mwenyewe, "Hapana, wewe utaipata wapi."

12 Aprili

Nimefunga duka. Nimeifungua ile iliyokufa. Nimefungua mpya kutoka kwenye mzigo wa juzi. Nimefungua na ile inayoendesha kompyuta yangu mwenyewe, ya mzigo ule wa kwanza. Nikaziweka sambamba mezani.

Kibandiko ni kilekile. Skrubu ni zilezile. Ndani ni watu tofauti. Kwenye ile ya zamani kapasita ni nene kama kidole gumba. Kwenye mpya ni kama vifungo vya shati. Mahali pa ulinzi, ubao una matundu matupu, alama zimechorwa na vitu havikuwekwa. Nyaya ni uzi. Na chini kabisa kuna kipande cha chuma kimegundishwa. Hakijaunganishwa na chochote. Kazi yake ni uzito tu. Aliyekiweka alijua kwamba duniani kuna watu kama mimi, wanaojisifu kupima kwa mkono.

Nikaibebesha ile mpya nusu tu ya mzigo ulioandikwa ubavuni. Ikaanza kunuka kabla sijakaa.

Ya adui nilifunika blanketi ili nimkamate. Ya rafiki sikufungua hata kifuniko.

13 Aprili

Nilikwenda kwa Mzee Chapa. Nilitaka kusema mlangoni nikimbie, akanivutia kiti.

"Ya kwangu ilikuwa mbovu," nikasema. "Wamebadilisha vya ndani, sikuangalia."

"Mwanangu, nani angejua?"

"Mimi. Ndiyo kazi yangu."

Akaketi mbele yangu. Halafu akauliza lile nililokuwa naliogopa, tena kwa upole, kama anauliza saa. "Na zile za Baba Chiriku? Kweli ulizipima?"

"Nilizipima."

"Zikoje?"

"Nzima. Zilikuwa nzima tangu siku ya kwanza."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Angenitukana ningepata pa kushika.

"Basi nenda, mama," akasema. Si mwanangu tena. Mama, kama anavyomwita kila mwanamke anayekuja kuchapisha tangazo.

15 Aprili

Diski ile huenda ikafufuka nikipata nyingine ya aina ileile, nikahamisha kibao cha chini. Nimeuliza mji mzima. Chiriku akasema bila kuniangalia, "Ipo kwenye kompyuta ya ofisini kwa Baba."

Nimevuka barabara. Hatua za kwanza kumwendea mtu huyu tangu siku ya talaka. Nilimweleza pale kaunta, mbele ya mkewe. Hakuuliza swali. Akazima kompyuta yake, akaichomoa diski, akanipa ikiwa bado ya moto.

"Vitu vyako vilivyomo?" nikauliza.

"Vitanisubiri."

16 Aprili

Nimehamisha kibao. Diski ikazunguka, nikasogeza sikio. Kisha ikaanza kugonga, tak, tak, tak, kama fimbo ya kipofu ukutani. Umeme ule ulifika mpaka ndani. Nimejaribu kutwa nzima. Haitarudi.

Nimempelekea mzee. Aliipokea, akasema ahsante, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

17 Aprili

Wakala. Mwavuli, viatu safi. Nilikuwa nimeziacha mbili wazi mezani, ya kwanza na ya sasa. Akazitazama, na tabasamu likatoka taratibu kama maji kwenye beseni lililotoboka.

"Dada, kiwanda kilibadilisha. Bei za vitu zilipanda."

"Ulijua?"

"Tangu mwaka jana."

"Hukuniambia."

"Ungezikataa."

Nilicheka, maana ni kweli.

"Dada, usisahau. Nilikupa mzigo wakati hakuna aliyekuamini."

"Ndiyo maana sikuzifungua," nikasema. "Beba zako."

Alizibeba, mwavuli kwapani, na kwa mara ya kwanza nikamwona akikanyaga tope. Tuliambiwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hatukuambiwa akufaaye kwa dhiki halafu akakuuzia uchafu anaitwaje.

24 Aprili

Wiki nzima nimezunguka kwenye mvua kuzikusanya nilizouza. Ninaweka badala yake za boksi jeusi, na boksi jeusi nanunua kwake, ng'ambo. Wengine wananishukuru. Mmoja alinifungia mlango: "Yangu inafanya kazi, niachie, umeharibu vya kutosha." Mwenye chumba cha michezo alizungumza kwa sauti mpaka wapita njia wakasimama. Nilimwacha amalize. Alikuwa na haki ya kumaliza.

Kule ng'ambo mtalaka wangu ananifungia ninazotaka, ananirudishia chenji. Natamani angeuliza. Nina majibu tele.

3 Mei

Chiriku anakwenda kufanya kazi kwa baba yake.

"Wateja ni wengi kule, Mama. Hapa tunatazamana tu."

"Nenda."

"Nitakuwa nalala nyumbani."

"Nimesema nenda."

Alisimama mlangoni akitaka niseme la pili. Nilikuwa nalo. Nikachukua kitambaa cha vumbi.

9 Mei

Mzee Chapa amenunua kompyuta nyingine. Mpwa wake ndiye anayemsomea sasa, anasoma mbiombio. Nimemsikia mzee kupitia ukuta: "Rudia."

14 Mei

Mtalaka wangu ameingia dukani kwangu, boksi jeusi mkononi, shati limelowa. Alisimama kama mteja.

"Mzigo mpya umefika," akasema. "Boksi ni lilelile. Ndani sijui."

"Wewe! Tangu lini unajali ndani?"

"Tangu tuachane. Zile nilizoanza kuuza mwenyewe, kabla sijafungua hapa, zilirudi zote. Nilifika mahali simu ikilia naificha chini ya mto." Akacheka peke yake, akaacha. "Baadaye nikawa naagiza kwa maneno yako. Ibebeshe mzigo wote. Ipige shoti uone kama itajizima. Hivyohivyo ndivyo nilivyokuwa nawaandikia wenye kiwanda. Walidhani najua."

Nikakaa. Kumbe uzuri wa zile nilizozifunika blanketi ulitoka kinywani mwangu.

"Kwa nini hupimi mwenyewe?"

"Meza uliichukua wewe, Mama Chiriku."

Aliacha boksi kaunta akaondoka.

15 Mei

Nimeipima. Kwa mkono ni nzito, na safari hii sikuuamini mkono. Kapasita zimepungua. Mzigo ulipofika robo tatu volti zikaanza kuteremka. Nilipoipiga shoti haikujizima. Iling'ang'ania, ikapiga cheche, ikaungua mezani.

Kisha nikakaa nayo kutwa. Sitajificha hapa. Niliwaza: nikimwambia ni nzuri, ataziuza. Mvua moja tu, na zitaanza kurudi. Mwenye chumba cha michezo atakwenda kumpigia kelele yeye. Yule mwanamke atapangusa kioo kwa haraka angalau mara moja. Neno moja tu, tena neno tamu, "nzuri", na jina lake lingelala pale lilipolala langu. Mji ungesema, kumbe wote ni walewale. Nililitamka peke yangu, nikasikia linavyokaa mdomoni.

Halafu nikawaza hizo pawasaplai zingewekwa juu ya nini, na kwa nani. Hapo tu ndipo niliposhindwa. Si kwa ajili yake.

Nikavuka. "Zirudishe zote."

"Una hakika?"

"Nusa mikono yangu."

Hakunusa. Aliwaita wabebaji palepale, maboksi yakaanza kutoka stoo kurudi garini. Alipomaliza akanisogelea. "Ahsante, Mama Chiriku. Ila tafadhali, habari hii isitoke nje. Unajua watu."

"Nitamwambia nani?" nikasema. "Nani ananisikiliza?"

Alitaka kunilipa. Nilikataa, si kwa wema. Sikutaka awe amemaliza deni.

19 Mei

Mvua haikunyesha.

28 Mei

Mvua zimekwisha kabisa. Tope limekauka, vumbi halijaanza. Asubuhi aliingia mwanamke mmoja, mgeni wa mtaa huu, anafungua ofisi ya kuandika hesabu za watu. Anataka pawasaplai za kompyuta zake zote. Alitazama rafu zangu zilizo tupu kwa adabu, kama mtu anayetazama nyumba ya aliyefiwa.

"Samahani, dada," akasema. "Nimeambiwa hapa palitokea matatizo. Na kwamba yule bwana wa ng'ambo, tangu afungue hapa, hajawahi kuuza kitu kibovu hata siku moja. Sipendi kusikiliza maneno ya watu, ndiyo maana nimekuja kukuuliza wewe mwenyewe. Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema. "Hajawahi."

Akashukuru, akavuka. Chiriku alikwisha mwona. Alitoka mpaka kibarazani kumpokea, akaanza kuongea kabla mgeni hajafika, mikono ikiruka huku na huku, akicheka. Kisha akamfungulia mlango.